Shosti kasema Ijumaa tunapanda Mlima Kenya, nibebe nini?

Swali la msomaji: "Shikamoo kaka. Mimi niko Tabata, Dar. Rafiki yangu niliyesoma nae chuo yuko Nairobi kikazi, jana usiku kanipigia kasema kapata likizo ya ghafla, twende Mlima Kenya mpaka Lenana kwa njia ya Sirimon. Nitoke huku Ijumaa alfajiri na basi, Jumapili tuanze kupanda, Jumanne kileleni, Alhamisi nirudi home. Nimekubali hata sijafikiria. Mlima pekee niliopanda ni Lushoto, tena kwa gari. Paspoti imeisha muda tangu mwaka juzi. Nina begi la laptop, raba za jim na laki tatu ya manunuzi. Leo Jumanne. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye Lushoto kwa gari nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kauliza kuna nini. Ila hongera, maana ungefikiria usingeenda. Mimi ni gaidi wa mlimani (yaani mwongozaji, sio yule mwingine), nyumbani Moshi, mkate wangu uko Kilimanjaro, na Mlima Kenya nimeupanda mara kadhaa, nyingine kikazi nyingine kutembea tu kama wewe. Sisi huku tunaringa eti wetu ndio mrefu, mita 5,895, lakini kwa uzuri wa njia ule wa jirani unatuacha, na hili ukikutana na wenzangu usiseme umelisikia kwangu.

Sasa umeuliza ubebe nini, na naona kila anayesafiri ghafla anaanzia hapo, anakimbilia Kariakoo. Manunuzi yaweke pembeni kwanza mpaka kesho jioni. Koti unaweza kuazima, kukodi au kununua hata Nairobi saa mbili kabla ya kuondoka, lakini kuna vitu vinataka siku na siku hazikodishwi. Kwako viko viwili, na vyote vya leo, yaani ukimaliza kusoma hapa nyanyuka.

Cha kwanza hati ya kusafiria. Kenya hatuhitaji viza sisi wa Afrika Mashariki, na ile ruhusa ya kuomba mtandaoni walioanzisha Januari 2024 sisi haituhusu, ila usije ukadhani utavuka Namanga na kitambulisho cha NIDA. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda ndio waliokubaliana kuvuka kwa vitambulisho, sisi hatumo. Na paspoti mpya kwa siku tatu usiiwazie, omba hati ya dharura ya safari, inaombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, unajaza fomu, unapata kontroo namba, unalipa kwa simu, halafu unaenda ofisini na makaratasi yako. Bei yake haifiki hata robo ya paspoti, ile paspoti ni laki na nusu. Nenda asubuhi, vaa vizuri, na usimwambie mtu ofisini kwamba shosti kakupigia jana usiku.

Cha pili kadi ya njano, na hapa ndio watu wanalizwa. Kenya ni nchi yenye homa ya manjano, kwa hiyo shida haiko wakati wa kwenda, iko wakati wa kurudi kwetu, pale Namanga upande wa afya wanaweza kukuomba kadi. Kama ulishachanjwa hata miaka kumi na mitano nyuma tulia, tangu 2016 kadi ni ya maisha, itafute tu kwenye lile bahasha la vyeti. Kama hujawahi, chanjo inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya sindano. Hesabu mwenyewe: ukichomwa leo Jumanne, siku ya kumi ni Ijumaa ya wiki ijayo, na wewe umepanga kurudi Alhamisi. Siku moja tu imekukosa! Muuguzi akikuuliza una mimba au mzio wa mayai jibu ukweli, na wale wanaouza kadi zilizojazwa tayari wapite mbali, utajinunulia kesi.

Bahati nzuri hiyo siku moja inayopungua ndio hiyo hiyo ningekuongezea mimi hata kama kadi unayo. Ratiba ya shosti wako ni ya mtu anayeishi Nairobi, mita 1,700 na kitu, wewe unatoka usawa wa bahari. Geti la Sirimon liko kama mita 2,650, siku ya kwanza mnatembea kilomita 9 hivi mpaka kambi ya Old Moses, mita 3,300, siku ya pili mnatembea kutwa nzima mpaka kambi ya Shipton's karibu mita 4,200, halafu yeye anataka usiku huo huo saa nane muamke mpande Lenana, mita 4,985. Watu wanaofanya hivyo wapo na wanafika, ila wengi wao wanafika wakitapika na picha ya kileleni wamefumba macho. Mlima Kenya una sifa mbaya hiyo, barabara nzuri, kambi ziko karibu, watu wanapanda haraka kuliko mwili unavyokubali. Lala Shipton's siku mbili. Jumanne mnapanda kidogo mlimani huko mnarudi kula na kulala, Jumatano alfajiri ndio Lenana, mnashuka kulala Old Moses, Alhamisi Nairobi, Ijumaa unavuka Namanga na kadi yako imeiva. Mpigie shosti leo umwambie, kabla hajalipia geti.

Na geti alipie yeye. Hawapokei pesa taslimu, malipo yote ni mtandaoni, mwenye laini ya Kenya na M-Pesa yake anamaliza kwa dakika mbili, wewe utamrudishia. Wewe beba hati yako tu, maana mwananchi wa Afrika Mashariki halipi sawa na mgeni wa Ulaya na lazima uonyeshe wewe ni nani. Na mtu peke yake hawamruhusu kuingia kupanda, ila nyie mko wawili na mtachukua gaidi, msije mkajifanya mnajua njia kwa kuangalia simu.

Haya, sasa begi. La laptop liache nyumbani. Unataka la mgongoni la lita 40 mpaka 50 lenye mkanda wa kiunoni, na mkanda wenyewe uwe mnene wenye sponji, ndio unaobeba uzito, mabega yanasaidia tu. Mabinti wa mazoezi hapo Dar wengi wanayo, azima.

Nguo, sikiliza hapa vizuri. Adui yako kule sio baridi yenyewe, ni kulowa halafu baridi ikukute umelowa. Nanyuki mstari wa ikweta unapita kabisa, mchana jua linakubabua, unatoka jasho kama uko Manzese, saa tisa mvua inashuka hata hii Februari ambayo ni kiangazi, na Shipton's asubuhi unakuta maji ya kwenye ndoo yameganda juu kama kioo. Pamba ikilowa haikauki kule. Kwa hiyo jinzi ibaki, fulana za pamba zibaki, na lile sweta zito la bibi ambalo likilowa linakuwa na kilo tatu nalo libaki. Unajua nguo nzuri ya kuanzia kwenye ngozi ni ipi? Jezi ya mpira. Simba, Yanga, hata ile feki ya elfu kumi, ni poliesta tupu, inakauka ukiwa umeivaa. Mbili zinakutosha, na uwe tayari kuzomewa na wapagazi, Wakenya nao wanafuatilia ligi yetu. Chini vaa taiti za mazoezi, juu yake suruali ya traki nyepesi.

Juu ya jezi unataka flisi, ile nguo ya manyoya manyoya mafupi, na juu kabisa koti la mvua. Hivi vyote nenda Karume au mitumba ya Manzese, sio duka la vioo. Geuza nguo ndani usome lebo, ikiandikwa cotton irudishe hata kama ni nzuri kiasi gani. Koti la mvua ligeuze nje ndani, uangalie kwenye mishono, koti la kweli lina utepe mwembamba umebandikwa juu ya kila mshono, na ukikuta utepe umeanza kubanduka au ndani kunamenyeka kama ngozi iliyoungua na jua, hilo lishazeeka, maji yatapita. Halafu weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu, upepo ukitokea upande wa pili hilo ni la upepo tu. Muuzaji atakucheka, mwache acheke, mimi wameshanizoea pale Memorial huku Moshi wananiita bwana mpulizaji. La mwisho ni jaketi nene la pafu, lile lililovimba kama mto, kwa ajili ya jioni na usiku wa kilele, na hilo usilivae ukiwa unatembea mchana, utalilowesha na jasho halafu jioni huna kitu.

Kichwani mzula wa sufu, mikononi glavu jozi mbili, nyepesi ndani na za kuzuia upepo juu. Soksi nene jozi tatu, moja kati ya hizo ni ya kulalia tu, isiguse kiatu hata kidogo. Najua ikifika siku ya tatu utaitamani. Usiiguse.

Viatu. Nikwambie la kwangu, miaka ya mwanzo nikiwa bado mpagazi nilinunua buti za mtumba nzuri kweli, ngozi, kamba nyekundu, nikaziweka kwa ajili ya safari kubwa, nikazivaa mara ya kwanza siku ya kupanda. Siku ya pili soli ya kulia ikafunguka mdomo kama mamba, saa moja baadae na ya kushoto. Gundi ilikuwa imekufa zamani, kiatu kilikaa miaka mahali bila kuvaliwa, kwa macho kizima kabisa. Nilizifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli nikamaliza nazo siku tatu, na mpaka leo kwenye begi langu kuna mita mbili za mpira wa tyubu, umeshafunga vingi, mkongojo wa mteja, mlango wa choo, mpaka kidole kilichovunjika. Wewe nao beba, fundi baiskeli yeyote atakupa bure.

Kwa hiyo hizo raba zako za jim, kama soli ina meno na umezivaa miezi, mimi nakwambia bora hizo kuliko buti mpya ya Alhamisi. Sirimon sio njia ya matope sana, Naro Moru ndio kuna lile tope la mlimani linalokula mpaka goti. Ukipata buti ya kuazima ya mtu wa mguu wako, ikunje soli kwa mikono yote miwili, ikitoa mlio wa kuachia irudishe, na ikiwa salama ivae kuanzia leo, ofisini nayo, sokoni nayo. Iingie na soksi mbili na bado vidole vicheze. Na kucha za miguu zikate fupi Alhamisi, usilisahau hilo, wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele kutwa nzima na kucha ndefu zinang'oka.

Begi la kulalia usinunue, kodi. Waongozaji wa Nanyuki wanakodisha hayo na fimbo za kutembelea, mwambie shosti aagize mapema ya baridi ya chini ya sifuri, mkifika mfungue mnuse, mwangalie zipu mpaka mwisho. Hema hamhitaji, Old Moses na Shipton's kuna vibanda vya kulala, na hapo mmeokoa kilo kadhaa.

Wawili mnaosafiri pamoja kosa lenu ni kila mtu kujipakia kama anaenda peke yake. Pigianeni simu ya video kesho usiku kila mtu amemwaga vitu kitandani, muone. Dawa ya meno moja, krimu ya jua moja (ndio, na sisi weusi tunaungua kule, pua inabanduka), pawabenki moja kubwa, pochi moja ya dawa yenye paracetamol, plasta, ORS na dawa ya kuharisha. Ila kuna vitu havigawanywi hata mpendane vipi: tochi ya kichwa, kila mtu yake na betri za akiba, maji, kila mtu yake, na koti la mvua. Juzi juzi hapa nimepanda na marafiki wawili wana tochi moja, usiku wa kilele yule wa nyuma alianguka mara nne.

Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kabla yetu sisi, na tangu Juni 2020 ndani ya hifadhi hata chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi. Kwa hiyo usiingie getini na katoni la maji kutoka Nanyuki. Beba chupa ngumu mbili za lita moja moja. Usiku wa baridi kali zijaze maji ya moto jikoni, moja iingie nayo ndani ya begi la kulalia miguuni, inapasha na asubuhi una maji ya kunywa. Usiku wa kilele ichomeke kichwa chini miguu juu, barafu inaanzia juu ya maji, kwa hiyo itaganda upande wa kitako na mdomo utafunguka. Simu nayo lala nayo, baridi inamaliza chaji hata ukiizima.

Chakula mpishi atapika, lakini ukifika juu hamu inakata, utaangalia sahani uione kama adhabu. Beba vile ambavyo hata ukiumwa unakula, kwangu mimi ni kashata za karanga, tende na tangawizi ya unga ya kutia kwenye chai. Maharage makavu msibebe mkidhani mtachemsha, kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, mtakesha. Na msiache chakula wazi Shipton's, kuna pimbi wanene wanajua zipu zinavyofunguka. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa Kitaliano walitoroka kambi ya Waingereza hapo Nanyuki ili tu wapande huo mlima, kamba walisuka kwa mkonge wa vitanda vyao, njumu za barafu walizifua kwa vyuma chakavu, ramani yao picha ya mlima kwenye kopo la nyama, wawili wakafika Lenana kweli wakasimika bendera, halafu wakarudi kambini wenyewe kujisalimisha. Vifaa vile vya kuokoteza vilishika. Kilichowatesa mpaka mwisho ni njaa.

Vya kike sijui kila kitu lakini wateja wangu wamenifundisha: beba pedi hata kama siku zako bado, mlima unazivuruga, na mfuko wa kitambaa wa kushushia zilizotumika. Na kanga moja. Ndio nimesema pamba hapana, kanga ni msamaha, ni taulo, mto, pazia la kubadilishia nguo na la kujisitiri njiani kwenye tambarare ambayo haina hata kichaka.

Dawa ya urefu, Diamox, muulize daktari kesho, umwambie kama una mzio wa salfa. Isikufanye ukimbie, tembea taratibu kama unasindikiza bibi.

Na kabla hamjatoka Nairobi, mkiwa bado mnacheka, malizeni hili na shosti: mmoja akishindwa mwingine anafanyaje? Kichwa kuuma kidogo na kukosa usingizi ni kawaida, mnangoja mnaona. Lakini mtu akianza kuhema hata amekaa, anakohoa kifua kinakoroma, au anayumba kama katoka kilabuni, anashuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, gaidi akisema tunarudi hakuna mjadala wala "tumebakiza kidogo". Nimeona urafiki wa miaka ukifa pale kwa sababu mmoja alitaka picha. Mkikubaliana mapema hakuna wa kumnunia mwenzake.

Alhamisi jioni paki, livae begi, uende kwenye ghorofa lolote lenye ngazi nyingi upande na kushuka mara tano. Ukishuka utakuwa umeshajua mwenyewe cha kutoa, lazima kuna kitu cha kutoa, kwa mabinti wa Dar mara nyingi ni mkoba wa vipodozi na viatu vya pili vya Nairobi. Nguo za mlima ziweke chini, hati, kadi ya njano, shilingi kidogo za Kenya na ile flisi viwe juu, kiyoyozi cha basi ukishapita Chalinze kinagandisha kuliko Old Moses. Na Mbezi fika mapema, saa kumi usiku uwe pale. Nitumie picha ukifika, ukiwa umefumbua macho.